Ghala la Mawe Tulilorithi: Tubomoe au Tuligeuze Nyumba?

*"Mimi na mume wangu tumerithi ghala la mawe lililojengwa na wazee wake. Chini walilaza ng'ombe, juu waliweka nyasi kavu na magunia ya nafaka. Kuta zina unene wa karibu sentimeta 60, hazina nondo wala zege popote. Miaka kadhaa iliyopita shemeji alipiga lipu ya saruji upande mmoja wa ndani ili kuzuia unyevu. Sasa upande huo ndio mbaya kuliko mwingine wote: unyevu umepanda hadi kiunoni na unga mweupe unatoka ukutani. Kona moja ina ufa mwembamba chini, mpana juu. Fundi wa kwanza anashauri tupige saruji yenye dawa ya kuzuia maji kuta zote, ndani na nje, tuchimbe sakafu nusu mita ili tupate urefu wa ghorofa mbili, kisha tuvunje sehemu ya ukuta wa mbele tuweke kioo cha mita tano. Fundi wa pili anasema tubomoe tujenge kwa tofali. Tuna watoto watatu na tunataka nyumba ya kisasa yenye mwanga. Je, kuta hizi zimeshaoza? Tumsikilize nani? Na tunaweza kuhamia humo huku ujenzi ukiendelea?"*

Dada yangu, nianze na jibu fupi, maana najua ndilo unalolisubiri. Kwa maelezo uliyoyatoa, hakuna dalili kwamba kuta zako zimeoza. Kwa hiyo fundi wa pili asishike nyundo kabla jengo halijachunguzwa. Lakini hata wa kwanza asianze. Mambo matatu anayoyapendekeza, yaani saruji kila mahali, kuchimba sakafu nusu mita na kufungua mita tano za ukuta, ndiyo yale yale ambayo yameangusha au kuharibu majengo ya mawe yaliyokuwa yamesimama salama kwa vizazi.

Nadhani kinachokusumbua ni hiki: mmepewa urithi, mnaupenda, lakini unyevu na ule ufa vinakufanya uogope kuwaweka watoto ndani. Hofu hiyo ni ya haki. Ila imesimama juu ya wazo moja ambalo karibu kila mtu analo, kwamba ukuta wenye unyevu ni ukuta uliokufa, na dawa yake ni kuufunika kwa kitu kisichopitisha maji. Tuanzie hapo, kwa sababu mkilielewa hili, maamuzi mengine mengi yatakuwa mepesi.

Ukuta wa mawe wa zamani wenye unene wa sentimeta 60 kwa kawaida si jiwe tupu kutoka upande huu hadi ule. Ni kuta mbili, moja ya ndani na moja ya nje, zilizojengwa kwa mawe yaliyochongwa kidogo, na katikati kumejazwa kifusi cha mawe madogo, udongo na chokaa. Hapa na pale fundi aliweka mawe marefu yanayovuka unene wote ili nyuso hizo mbili zishikane. Chini hakuna msingi kama tunaoujua leo. Walichimba mtaro, wakapanga mawe makubwa, wakaendelea kupanda juu. Wala hakuna karatasi ya kuzuia unyevu kati ya ardhi na ukuta. Waliojenga hivyo hawakuwa wajinga. Walijua ukuta utanyonya maji kutoka ardhini na utalowa mvua ikipiga, wakajenga kwa vitu vinavyoyaachia maji hayo yakauke kwa urahisi.

Maji hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Yanavutwa na vitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya mawe na hasa ndani ya udongo na chokaa vilivyo kati ya mawe. Yakipanda, yanafika usoni mwa ukuta na kuondoka kama mvuke. Urefu yanaofikia unaamuliwa na mizani kati ya mambo mawili: kiasi kinachoingia kutoka chini na kiasi kinachokauka pembeni. Kwenye ukuta ulioachwa wazi, au uliopakwa chokaa tu, mizani hiyo hukaa chini, labda kwenye vifundo vya miguu. Shemeji yako alipopiga saruji, hakupunguza maji yanayoingia hata tone. Alichopunguza ni yanayotoka. Maji yakakosa pa kukaukia, yakaendelea kupanda yakitafuta sehemu ambayo haijazibwa, na ndiyo maana leo yamefika kiunoni upande ule ule uliotengenezwa. Msimlaumu. Hivyo ndivyo mafundi wengi wanavyofundishwa, na kwa tofali zilizojengwa kwa saruji juu ya msingi wenye kizuizi cha unyevu, utaratibu huo unafanya kazi. Kwa ukuta wenu haufanyi.

Unga mweupe nao una habari yake. Ni chumvi. Zimo katika udongo wowote, lakini katika jengo lililolaza ng'ombe ni nyingi zaidi, kwa sababu mkojo na samadi huacha chumvi za nitrati ambazo zimekuwa zikinyonywa na sakafu na kuta kwa miaka mingi. Maji yanapokauka, chumvi hubaki nyuma na kuganda kuwa fuwele. Fuwele zikikua chini ya rangi au nyuma ya lipu, nguvu yake inatosha kubandua lipu na hata kumomonyoa uso wa jiwe laini. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba baadhi ya chumvi hizi huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo hata mkiyazuia maji ya ardhini kabisa, sehemu iliyowahi kulaza ng'ombe inaweza kuendelea kuonekana imelowa siku zenye unyevunyevu. Msije mkadhani kazi imeshindikana. Chumvi hizo huondolewa polepole: unapiga brashi kavu unga unaotoka, unaukusanya na kuutupa mbali bila kuumwagia maji, kisha unapaka lipu ya chokaa ambayo kazi yake ni kuzinyonya chumvi na baadaye kubanduliwa. Mahali penye chumvi nyingi, lipu ya kwanza haitadumu, na haikukusudiwa idumu.

Sasa dawa ya kuzuia maji anayoitaja fundi wa kwanza. Mkiziba ndani na nje, mtayafungia maji katikati ya ukuta, kwenye kile kifusi. Udongo ulio humo ukilowa muda mrefu hulainika, huoshwa na kushuka chini, na ukuta huanza kutoa tumbo. Pia kuna watu watakaowaambia mtoboe matundu chini ya ukuta na kusukumia kemikali ya kukata unyevu. Kwenye tofali zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka njia hiyo huweza kusaidia. Kwenye ukuta mnene wenye kifusi na mapengo katikati, kemikali hukimbilia kwenye mapengo na haifanyi tabaka lililokamilika. Nisingewashauri mweke fedha zenu hapo.

Fedha za kwanza ziwekeni nje, kwenye maji kabla hayajaufikia ukuta. Zungukeni jengo wakati mvua inanyesha, si baada yake, mtazame maji yanaanguka wapi na yanakimbilia wapi. Mara nyingi mtakuta ardhi ya nje imepanda mwaka hadi mwaka kwa samadi, majani na tope hadi imeipita sakafu ya ndani. Ishusheni iwe chini ya sakafu kwa sentimeta 15 hadi 20 hivi, na muipe mteremko wa kuelekea mbali na ukuta. Tengenezeni paa na mifereji yake, na bomba la kushushia maji limwage mbali. Kama kuna zege au saruji iliyomwagwa kuzunguka ukuta kwa nje, iondoeni, mweke kokoto mahali pake ili ardhi ikauke. Mtaro wa kupitisha maji chini ya ardhi unaweza kuhitajika upande wa mlimani, ila usichimbwe ukiwa umegusana na ukuta, wala usishuke chini kuliko mawe ya mwisho ya msingi.

Baada ya hapo, banduweni ile lipu ya saruji. Fundi atumie patasi na nyundo ndogo, kwa subira. Mashine ya kutoboa zege hutikisa kifusi cha ndani na kubomoa uso wa mawe pamoja na lipu. Mahali ambapo saruji imeshika sana kiasi kwamba jiwe linavunjika nayo, ni heri kipande hicho kiachwe kwa sasa.

Kisha mnangoja. Najua hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa familia yenye haraka ya kupata pa kuishi. Makadirio ya mafundi wa majengo ya zamani ni kwamba ukuta hukauka kwa takriban sentimeta mbili na nusu kwa mwezi hali ya hewa ikiwa nzuri. Ukuta wenu unakauka pande zote mbili, kwa hiyo kila upande una sentimeta 30 za kukausha, yaani kama mwaka mmoja. Hamtakaa bure mwaka huo. Kuna paa la kutengeneza, michoro ya kuchorwa, vibali vya kutafutwa na ufa wa kufuatiliwa. Lakini lipu ya ndani na sakafu ya mbao havipaswi kuwekwa kabla ukuta haujakauka vya kutosha.

Lipu yenyewe iwe ya chokaa. Saruji ya leo, ile iitwayo Portland, ilipata hati miliki Uingereza mwaka 1824 mikononi mwa Joseph Aspdin. Kabla yake, na kwa muda mrefu baada yake katika sehemu nyingi, kilichoshikilia mawe kilikuwa chokaa au udongo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe katika joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Hewa ya ukaa hutoka, linabaki donge jeupe jepesi, na donge hilo huzimwa kwa maji. Likishapakwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa haigandi upesi: inahitaji wiki kadhaa, inahitaji unyevu kidogo, na inahitaji kukingwa na jua kali, upepo na mvua. Ipakwe kwa tabaka jembamba, karibu sentimeta moja kila mara, kwa mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Kinachotuvutia kwenye chokaa ni kwamba inapitisha mvuke, na ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukicheza kidogo, kinachopasuka ni chokaa, ambayo unaweza kuijaza tena. Kwenye saruji, kinachopasuka ni jiwe.

Tahadhari mbili hapa. Msinunue chokaa ya shambani, ile inayomwagwa kupunguza uchachu wa udongo. Hiyo ni jiwe lililosagwa tu, haijachomwa, na haitaganda hata mkingoja miaka. Ya pili, chokaa iliyotoka tanurini huchemka kwa nguvu inapokutana na maji na inaweza kupofusha macho. Nunueni iliyokwisha kuzimwa, na hata hiyo ishikwe kwa glavu na miwani ya kazi, watoto wakiwa mbali. Fundi akitaka kuongeza saruji kidogo ili ikaze haraka, mkatazeni. Rangi ya juu nayo iwe ya chokaa au nyingine inayopitisha mvuke. Rangi ya plastiki itawarudisha pale pale alipowafikisha shemeji.

Tuje kwenye sakafu, na hapa naomba muwe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Ghala la namna hii linaweza kuwa na mawe ya msingi yaliyozama sentimeta 20 au 30 tu chini ya ardhi. Fundi akichimba nusu mita ndani, atakuwa amepita chini ya ukuta. Udongo uliokuwa ukiubana ukuta usiteleze kuelekea ndani utakuwa haupo, na ukuta mzito uliosimama juu ya udongo usiobanwa unaweza kuteremka bila kutoa onyo. Kabla ya mtu yeyote kuchimba, chimbeni mashimo madogo ya uchunguzi mawili au matatu kando ya ukuta, moja likiwa kwenye ile kona yenye ufa, muone mawe yanaishia wapi. Mhandisi awepo mashimo hayo yanapofunguliwa, kisha yafukiwe siku hiyo hiyo. Msingi ukiwa wa juujuu, kuna njia tatu. Mnaweza kushusha sakafu hadi juu kidogo tu ya mwisho wa msingi. Mnaweza kushusha katikati ya chumba na kuacha ukingo mpana wa udongo kando ya kuta, ukingo ambao baadaye hugeuzwa kuwa benchi la kukalia au mahali pa rafu. Au mnaweza kujengea msingi mpya chini ya ukuta, kipande kwa kipande cha kama mita moja, kwa zamu, bila kufungua viwili vinavyokaribiana. Hii ya mwisho ni kazi ya mhandisi na mafundi wanaoijua, na ni ghali.

Kuhusu zege la sakafu, karatasi ya plastiki iliyotandazwa chini yake huuzuia unyevu uliokuwa ukitokea katikati ya chumba, na unyevu huo huweza kusogea pembeni na kuingia ukutani. Mimi hupendelea tabaka nene la kokoto kubwa zisizo na vumbi, ambazo maji hayawezi kupanda kupitia kwake, kisha sakafu ya chokaa juu. Kama mnalazimika kutumia zege la kawaida, acheni nafasi ya kokoto kuzunguka kuta zote ili unyevu upate pa kutokea.

Ufa wa kona unanihangaisha zaidi ya unyevu. Ufa mwembamba chini na mpana juu mara nyingi unaonyesha kwamba kona inainama kuelekea nje. Sababu za kawaida ni mbili. Huenda udongo chini ya kona hiyo umelainika, na bomba la paa linalomwaga hapo hapo ni mtuhumiwa wa kwanza; mti mkubwa ulio karibu ni wa pili. Au paa linasukuma kuta. Tazameni juu: je, kuna boriti za kulala zinazovuka kutoka ukuta huu hadi ule, na je, kuna iliyokatwa? Kwenye maghala hukatwa mara kwa mara ili mkokoteni au trekta lipite, au ili nyasi zipangwe hadi juu. Boriti ile ndiyo inayozuia miguu ya paa isitanuke. Ikikatwa, kila upepo na kila uzito juu ya paa husukuma kuta nje. Ndiyo sababu msikubali mtu yeyote akate zilizobaki ili dari ionekane ndefu na ya kisasa.

Fuatilieni ufa wenyewe. Pigilieni misumari miwili midogo, mmoja kila upande, mpime umbali kati yake mara moja kwa mwezi na kuandika tarehe na hali ya mvua. Ufa unaopanuka na kurudi kadiri mvua na ukame vinavyopishana huenda ni wa udongo unaovimba na kusinyaa. Ufa usiosogea mwaka mzima huenda ni wa zamani na umekwisha tulia. Huo hujazwa kwa chokaa na kufungwa kwa mawe marefu. Ufa unaopanuka tu bila kurudi ni wa kuitia mhandisi mara moja.

Kile kioo cha mita tano nacho kinahitaji hesabu. Mita moja ya mraba ya ukuta wenu ina uzito wa tani moja na zaidi. Mkifungua mita tano na juu pakabaki ukuta wa mita mbili, mna zaidi ya tani 10 zilizokosa pa kusimama, kabla ya kuhesabu paa. Zege au chuma vinaweza kuubeba mzigo huo, lakini wote utahamia kwenye vipande viwili vya ukuta vilivyobaki kushoto na kulia, na huko chini msingi ni ule ule wa mawe machache. Hilo halifanyi mwanga usiwezekane. Ghala lenu bila shaka lina mlango mkubwa wa kupitishia mazao, pengine miwili inayotazamana. Wekeni kioo humo, ndani kidogo ya uso wa ukuta, ili kivuli cha unene wa mawe kikikinge na jua na mvua. Matundu membamba ya kupitishia hewa yaliyopo yageuzwe madirisha bila kutanuliwa. Kinachopungua kitafutwe juu, kwenye paa, kwa vipande vichache vya kioo upande usiopigwa na jua kali. Mwanga unaoshuka kutoka juu unafika ndani zaidi kuliko wa pembeni, na ukipita juu ya mawe unayaonyesha vizuri sana.

Kuhusu ghorofa mbili, nina pendekezo ambalo ningependa mlifikirie kwa makini: jengeni nyumba ndani ya nyumba. Fremu ya mbao au chuma, yenye nguzo zake na misingi yake midogo iliyokaa mbali na kuta, ibebe ghorofa, bafu, jiko na vyumba vya kulala. Kuta za mawe zibaki na kazi yake ya kubeba paa na kujibeba zenyewe. Hamtachomeka boriti mpya katika ukuta ulio na unyevu, ambako ncha za mbao huoza. Mbao ikizidi asilimia 20 ya unyevu, kuvu huipenda. Mabomba na nyaya zitapita ndani ya fremu, si kwa kuchimba mawe. Na si lazima ghorofa ifunike jengo zima. Ikifunika nusu, nusu nyingine inabaki wazi hadi paani, na hapo ndipo mtaupata ule ukubwa uliowafanya mlipende ghala hili. Mimi ningeweka vyumba vya watoto chini, ambako dari ya chini haiwasumbui na kuta nene zinawapa utulivu, na sebule juu, chini ya kenchi, kwenye mwanga.

Joto na baridi nitavigusa kwa haraka. Kuta nene huchelewesha joto lakini hazilizuii kama watu wanavyodhani, na ukuta uliolowa hupoteza joto kuliko mkavu, kwa hiyo kuukausha tayari ni nusu ya kazi. Paa ndilo la kuwekewa kizuia joto kwanza, mkiwa mahali pa joto au pa baridi. Kwenye kuta, mahali penye baridi kali, tumieni vitu vinavyopitisha mvuke kama nyuzi za mbao au mchanganyiko wa chokaa na katani (hemp, si mkonge), na visiwe vinene mno, la sivyo mvuke utageuka maji kwenye jiwe lililo baridi nyuma yake. Na wekeni njia ya hewa jikoni na bafuni. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kufua tu, hutoa hewani kama lita 10 za maji kwa siku. Nanyi ni watano.

Sasa nimtendee haki fundi wa pili. Kuna wakati kubomoa ni uamuzi sahihi: ukuta ukiwa umeinama kiasi kwamba uzito wake hauteremki tena ndani ya msingi, nyuso mbili zikiwa zimeachana kwa sehemu kubwa, jiwe lenyewe likisagika kwa mkono, au kilima chenyewe kikiwa kinateleza. Pia niseme wazi kwamba kugeuza ghala la mawe kwa usahihi huweza kugharimu zaidi ya kujenga nyumba mpya ya ukubwa ule ule, na huchukua muda zaidi. Tengeni asilimia 15 hadi 20 ya bajeti kwa yale yatakayofichuka lipu ikishatoka. Kama mnahitaji vyumba vingi vidogo kwa bei ndogo kadiri iwezekanavyo, ghala hili si chombo kizuri kwa hilo. Lakini kubomoa kuta nene, kusomba mawe na kujenga upya nako hakuji bure, na mhandisi mmoja akiliangalia jengo siku moja atawaambia mengi kuliko sisi mafundi watatu tukibishana kwa mbali.

Kabla ya yote hayo, pitieni mamlaka ya ujenzi. Kugeuza jengo la shamba kuwa makazi ni mabadiliko ya matumizi yanayohitaji kibali karibu kila mahali, na jengo la zamani linaweza kuwa kwenye orodha ya urithi unaolindwa bila ninyi kujua. Popo na bundi wanaoishi kwenye maghala hulindwa na sheria katika nchi nyingi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kugusa paa wakati wa kuzaana.

Swali lako la mwisho, kama mnaweza kuhamia humo huku kazi ikiendelea. Si sasa, na sisemi hivyo kwa ajili ya vumbi tu. Kama kuna mabati ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yasiyolia kama chuma ukiyagonga, yanaweza kuwa ya asbesto, madini yenye nyuzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Msiyatoboe, msiyakate, msiyafagie. Mwiteni mtu mwenye leseni ya kuyaondoa. Mahali palipohifadhi nafaka huenda paliwahi kupulizwa dawa za wadudu zilizopigwa marufuku baadaye, kama DDT, kwa hiyo mbao na sakafu ya ghorofa ya juu zipimwe kabla mtoto hajatambaa hapo. Kinyesi kikavu cha popo na ndege kilowanishwe kwanza na kiondolewe kwa barakoa nzuri. Na ile kona, hadi mhandisi aseme ni salama, wekeni uzio kuizunguka ndani na nje.

Mhandisi mtakayemtafuta awe amewahi kushughulikia majengo ya mawe yasiyo na zege. Muulizeni ukuta wenu unakaukaje. Akijibu kwa kutaja dawa ya kuziba, tafuteni mwingine. Mwiteni ndani ya wiki hii kama ufa unaingiza kidole, kama timazi inaonyesha ukuta umetoa tumbo, au kama boriti yoyote ya kulala imekatwa. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, anzeni na mifereji ya paa na ardhi ya nje, na misumari miwili kwenye ufa. Kona ikishathibitishwa, asbesto na dawa za wadudu zikishaondolewa na choo chenye karo kikishakuwepo, sioni ubaya ninyi wakubwa kulala humo usiku mmoja mmoja wakati kuta zinakauka, mjue jua linaingilia wapi asubuhi na upepo unatoka wapi, kabla mchoraji hajaweka ukuta wa kwanza kwenye karatasi.